Mama kapata kiharusi Lushoto, niko Uingereza na Tanzania iko orodha nyekundu. Niende au nisubiri?

#1 binti_wa_milimani · 23 Julai 2021

Wakuu, habari za usiku. Huku ni saa saba usiku, watoto wamelala, mimi usingizi sina. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kusafiri kipindi hiki.

Jumatatu tarehe 19 mama aliamka alfajiri kuwasha moto, akaanguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia umelegea wote, mkono na mguu, na maneno yanatoka nusu nusu. Ana miaka 71. Alilazwa siku tatu, karudishwa nyumbani na dawa za presha. Anaishi na mdogo wangu wa kike na watoto wake wawili, nyumba iko juu kidogo ya mji wa Lushoto.

Siku hiyo hiyo ndiyo England waliondoa masharti ya corona, wakafungua kila kitu. Nikiwa kazini nasikia redioni watu walikesha wakicheza muziki tangu saa sita usiku, simu yangu inaita, ni kaka, analia.

Sasa hali yangu. Tanzania imefungiwa na Uingereza tangu Januari 22 kwa ajili ya corona, iko kwenye ile wanayoiita orodha nyekundu. Asiye na ukaazi haingii kabisa akitokea kwetu. Sisi wenye ukaazi tunaingia, ila lazima ukae siku 10 kwenye hoteli iliyopangwa na serikali, mlinzi koridoni, na unalipa mwenyewe pauni 1,750. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 5 na nusu. Bado tiketi. Bado kipimo cha corona cha PCR kabla ya kuondoka huku, kipimo cha haraka uwanjani Dar dola 25, na kipimo kingine wakati wa kurudi. Nimechanjwa dozi mbili, lakini ukitokea nchi nyekundu chanjo haikupunguzii hata siku moja.

Kazini (natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, Reading) nimebakiwa na siku 16 za likizo. Hoteli peke yake inameza 10. Meneja kasema zikizidi ni bila malipo. Mume wangu ni dereva wa basi, zamu zake hazieleweki, na watoto ndiyo wamefunga shule.

Kaka anasema njoo, mama anakuulizia. Mdogo wangu anasema usije, hela hiyo itume. Na mimi mwenyewe nina hofu yangu: wiki iliyopita kuna siku waliokutwa na corona hapa walipita 50,000. Nisije nikambebea mama ugonjwa mwingine juu ya huu alionao.

Nifanyeje?

#2 mkisii_wa_coventry · 23 Julai

Pole sana dadangu. Nitakueleza yangu, uamuzi ni wako.

Babangu alifariki mwisho wa Machi. Tulikuwa tumepanga mazishi, tiketi nimeshaitafuta. Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili, Uingereza wakatangaza kwamba Kenya inaingia orodha nyekundu kuanzia tarehe 9 saa kumi alfajiri. Wiki moja tu. Waliokuwa Kenya wakakimbilia viti vya kurudi, bei zikapanda. Serikali yetu nayo ikajibu kwa kusimamisha ndege za abiria kati ya nchi hizi mbili. Na Nairobi pamoja na kaunti nne jirani zilikuwa zimefungwa tangu Machi 26, hutoki wala huingii, kwa hiyo hata ningetua, kufika Kisii ingekuwa ni kibali.

Nikapiga hesabu. Pesa, kazi, watoto. Hesabu ikasema nikae, nikakaa. Mazishi niliyaona kwenye simu ya binamu yangu, mtandao ukikatika kila dakika mbili. Wakati wanateremsha jeneza picha iliganda kwenye mti wa parachichi. Iliporudi walikuwa wanafukia.

Hesabu yangu haikuwa na kosa, nimeirudia mara nyingi. Lakini mpaka leo nikiota, naota ule mti.

#3 mtu_wa_kazi · 23 Julai

Mama ni mmoja dada. Nenda. Hela inatafutwa.

#4 hesabu_kwanza · 24 Julai

Mkuu wa #3, neno "nenda" halina gharama kwa anayelisema. Dada ana watoto wawili na mume wa zamu.

Dada, mdogo wako ana hoja, isikilize. Milioni 5 na nusu Lushoto inamlipa mtu wa kumtunza mama laki mbili kwa mwezi kwa zaidi ya miaka miwili. Au inanunua kiti cha magurudumu, inalipia mazoezi ya viungo, na chenji inabaki. Wewe ukienda utakaa wiki moja na nusu, utalia naye, utarudi ukafungiwe hotelini, na mama atabaki kama ulivyomkuta. Siyo kwamba sina huruma. Wangu nilimuuguza kwa kutuma pesa kutoka Arusha tu hapo, na alipona.

Kingine, bima. Serikali ya huko inashauri watu wasisafiri kwenda nchi nyekundu bila sababu ya lazima, na bima nyingi za safari hazikulipi ukienda kinyume na ushauri huo. Soma masharti kabla hujakata tiketi.

#5 mzanzibari_muscat · 24 Julai

Assalaam alaykum. Pole sana dada yangu, Mwenyezi Mungu ampe shifaa mama.

Sie huku Oman yalitupata mapema. Februari 25 Tanzania iliwekwa kwenye nchi kumi ambazo watu wake hawaingii. Mie nilikuwa Unguja kwa likizo ya wiki mbili. Walisema siku 15, zikaongezwa, zikaongezwa tena. Mwajiri wangu alivumilia mwezi wa kwanza. Wa pili akaniandikia.

Sikwambii usende. Nakwambia ukikata tiketi ya kwenda, weka akilini kwamba tarehe ya kurudi si yako, ni ya serikali. Zungumza na mwajiri wako kwa maandishi kabla hujaondoka, si kwa mdomo. Mie niliondoka na maneno ya mdomo.

#6 muuguzi_tanga · 25 Julai

Habari dada. Mimi ni muuguzi mkoa wa Tanga, kituo sitakitaja. Nimesoma uzi wote na naona mnajadili hoteli, tiketi na orodha. Naomba nikuulize ya mgonjwa.

Nani anamgeuza mama usiku?

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa kubadilishwa upande kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya mgongoni na kwenye visigino inaanza kuoza kwa kulaliwa. Pili, akinywa maji anakohoa? Akikohoa maana yake yanaelekea njia ya hewa, na tunapoteza wengi kwa homa ya mapafu wakati presha imeshatulia. Tatu, dawa za presha anapewa kila siku, au siku akionekana mzima zinaachwa? Hilo la tatu ndilo ugonjwa wa Watanzania wote.

Ukipata majibu ya hayo matatu utajua kama zinahitajika hela, mikono, au vyote.

Kuhusu corona, sitakudanganya kwamba haipo. Mwezi huu wagonjwa wa kifua ni wengi na oksijeni inagombaniwa. Ukija, kaa Dar siku kadhaa kwanza, pima tena, ndipo upande kwenda Lushoto. Na jana zimeingia nchini dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya corona ya Johnson & Johnson. Kwa umri wake na presha aliyonayo, mama ni wa kundi la mwanzo. Muandaeni.

#7 binti_wa_milimani · 26 Julai

Da muuguzi, umenishika pabaya. Mungu akubariki.

Nilimpigia mdogo wangu jana jioni, nikamuuliza yale yale matatu kama ulivyoandika. Kumgeuza: hapana, hakuna aliyemwambia. Amelala chali tangu Alhamisi, wanamuinua kula tu. Nikamwomba ampige picha mgongoni. Juu ya makalio kuna alama nyekundu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, na katikati ngozi imeanza kutoka. Maji: anakohoa kila akinywa, na wanamnywesha akiwa amelala kwa sababu akikaa anaangukia upande. Dawa anapewa, hilo alhamdulillah.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, halafu nikaenda zamu ya usiku.

Wakuu, naomba niwaambie kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu huko nyumbani tunasema tu "anafanya kazi Ulaya". Kazi yangu ni kugeuza watu. Kwenye ghorofa yangu kuna wazee 14, sita kati yao hawajigeuzi. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Tunaingia wawili wawili, tunamwambia jina lake, tunamwambia tunataka kufanya nini, tunamvuta kwa shuka, mto katikati ya magoti, visigino vinaning'inia visiguse godoro. Tunaandika kwenye karatasi saa na upande. Akila, anakalishwa wima, kidevu kinashushwa, vinywaji vinafanywa vizito, na halali mpaka nusu saa ipite. Miaka sita nafanya hivyo. Kuna bibi mmoja mwenye kiharusi kama cha mama, upande huo huo, ana mwaka wa tatu kitandani na ngozi yake ni safi. Usiku wa jana nilipokuwa namgeuza mikono ilikuwa inatetemeka mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Mama za watu nawageuza kwa mshahara. Mama yangu kalala chali siku nne.

Bwana wa #4, hoja yako ya mtu wa laki mbili nimeifikiria sana, wala sikuichukia. Ila mtu huyo atafundishwa na nani? Kwa simu nimejaribu jana, dakika 40, mdogo wangu kashika simu kwa mkono mmoja na mama kwa mwingine. Haifundishiki hivyo. Naenda nikamfundishe mdogo wangu na huyo mtu tutakayemtafuta, wote wawili, mpaka wafanye mbele yangu bila mimi kusema neno. Hela ya mtunzaji itafuata.

Kaka wa Muscat, barua ya kazini nimeiomba leo kwa maandishi.

#8 mdau_minnesota · 27 Julai

Pole dada. Huku Marekani kwa sisi tunaotoka Tanzania ni cheti cha kipimo cha ndani ya siku 3 tu, hoteli ya lazima hakuna. Ugonjwa ni ule ule. Roho inaniuma kwa niaba yenu.

#9 hesabu_kwanza · 29 Julai

Dada, #7 imenifunga mdomo. Nashauri kitu kimoja tu: orodha inapitiwa kila wiki tatu hivi, na nyingine inatoka wiki ijayo. Rais Samia jana kachanjwa mbele ya kamera na chanjo zimezinduliwa rasmi, huenda Tanzania ikatolewa. Subiri siku saba uokoe pauni 1,750.

#10 binti_wa_milimani · 5 Agosti

Nilisubiri. Orodha imetoka jana usiku. India, Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu zinatoka kuanzia tarehe 8. Tanzania na Kenya bado. Na hoteli, kuanzia tarehe 12 mtu mzima mmoja analipa pauni 2,285.

Kuna ndugu kaniambia faragha nipitie Dubai, nikae siku 10 huko wakati wa kurudi, nitaingia Uingereza kama mtu wa orodha ya njano, ile isiyo na hoteli ya lazima. Nimelipima. Hati yangu ni ya Tanzania, nitahitaji viza, nitalipa hoteli vilevile, na Dubai wakibadili sheria nikiwa njiani nitakwama pasipo ndugu. Afadhali nifungiwe karibu na watoto wangu.

Kwa hiyo naondoka tarehe 14, kupitia Doha. Kazini wamekubali kwa maandishi: siku 16 za likizo, zilizobaki bila malipo. Jirani yetu, mama wa Kighana, atakuwa anawachukua watoto siku ambazo baba yao ana zamu ya asubuhi. Na kikoba chetu cha akina mama hapa Reading kimenikopesha pauni 2,000, nitarudisha 200 kila mwezi. Akina mama wale sijui niwaambie nini. Mmoja wao mwenyewe hajafika kwao tangu 2019.

Wakati huo mdogo wangu anageuza kila saa tatu. Hajaweza saa mbili, anachoka. Namwelewa.

#11 mkisii_wa_coventry · 5 Agosti

Safiri salama dadangu. Usiache kutuandikia.

#12 binti_wa_milimani · 29 Agosti

Salamu kutoka Lushoto, mtandao unapatikana nikisimama karibu na mparachichi tu, kwa hiyo kaka wa Coventry nakukumbuka kila jioni.

Nilikaa Dar siku nne, chumba cha wageni Ubungo, sikumtembelea mtu. Ndugu walinuna, wacha wanune. Nilipima mara ya pili, nikapanda basi nikiwa na barakoa mpaka Mombo na kuendelea. Basi zima tulikuwa watatu wenye barakoa.

Mama aliponiona alisema "umekonda". Neno zima, bila kukatika. Kisha akashindwa kusema jina langu, akakasirika, akalia kwa hasira. Wagonjwa wa hivi wanajua wanachotaka kusema, ndiyo maana inawauma.

Kidonda kilikuwa kimeshachimbika kidogo. Tunakisafisha kila siku, muuguzi wa zahanati anapita mara mbili kwa wiki. Shuka la kutelezesha hatuna, tunatumia khanga mbili zilizokunjwa chini ya kiuno: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, moja, mbili, tatu. Mdogo wangu alikuwa anavuta kwa mgongo wake mwenyewe, ndiyo maana alikuwa anachoka. Sasa anakunja magoti. Tumempata na dada mmoja wa jirani, mjane, mikono yake ina nguvu na ni mpole. Wiki ya kwanza niligeuza mimi wakaangalia. Wiki ya pili wanageuza wao, mimi nimekaa kwenye kigoda nimefumba mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Uji sasa mzito, anakula amekaa, mito miwili upande wa kulia. Kikohozi kimepungua sana. Na tarehe 23 alichanjwa, tulimbeba kwenye kiti hadi kwenye gari la mjomba. Majirani wawili waliokuwa wanasema chanjo hawataki walikuja kumwangalia kesho yake kama yu hai, halafu mmoja wao akaenda.

Orodha mpya ilitoka wiki hii, nimesikia. Tanzania bado.

#13 binti_wa_milimani · 17 Septemba

Niko hotelini karibu na Heathrow, siku ya sita. Naandika kwa ajili ya mtu atakayetafuta habari hizi baadaye.

Ukitua, mnatengwa na abiria wengine, mnaonyesha fomu na risiti ya hoteli, mnapandishwa basi. Chumba changu kina dirisha lisilofunguka, linaangalia maegesho. Chakula kinawekwa mlangoni kwenye mfuko wa karatasi, moyo unagonga kabla hawajagonga mlango kwa sababu ndiyo sauti pekee ya binadamu. Kutoka nje ni dakika 15 na mlinzi pembeni, ukiomba. Ukitoka bila ruhusa faini inafika pauni 10,000. Vipimo ni siku ya pili na ya nane. Leta pilipili, chai yako, na nguo za kufulia mkononi. Leta na kazi ya mikono. Mimi nilileta ukili, Mungu alinijaalia wazo hilo.

Kilichoniumiza ni watoto. Nyumba yangu ni chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Mdogo ananiuliza kwenye simu kwa nini nimesharudi na sijarudi.

Leo wametangaza Kenya inatoka kwenye orodha kuanzia tarehe 22. Tanzania bado ipo. Aliye chumba cha pili ni Mkenya, nilimsikia akicheka kwa nguvu ukutani, kisha akanyamaza. Yeye hesabu yake imeshalipwa kama yangu.

Gharama zote, tiketi, vipimo, hoteli, mshahara niliokosa: karibu pauni 4,900. Sitaki mtu aseme ni kidogo.

#14 mkisii_wa_coventry · 18 Septemba

Nimekata tiketi ya tarehe 2 Oktoba. Naenda na mwanangu mkubwa. Tutajenga kaburi la mzee, simenti mama ameshanunua.

#15 mgeni_hapa · 9 Oktoba

Dada, nimesoma uzi wote kwa siku mbili. Sasa wametangaza Tanzania inatoka tarehe 11. Naomba nikuulize bila kukukwaza: ulirudi Septemba 11, mwezi mmoja kamili kabla. Hujutii kutosubiri? Nauliza kwa sababu baba yangu Mtwara anaumwa na mimi kila mara nasubiri kitu fulani kipungue.

#16 binti_wa_milimani · 10 Oktoba

Hujanikwaza. Ningesubiri ningeokoa pauni 2,285, na deni la kikoba ningekuwa sina. Nalifikiria kila tarehe ya kulipa. Lakini kile kidonda kilianza Julai. Nimewaona wazee wangu huku wakifa kwa vidonda vya aina ile, wakiwa na daktari chini ya jengo.

Baba anaumwa nini? Na nani analala naye chumbani? Niandikie hapa au faragha, hata usiku, niko zamu wiki hii.

Asubuhi mdogo wangu kanitumia picha ya mgongo wa mama. Ngozi imefunga, imebaki alama nyeusi tu. Ameweka kengele kwenye simu, saa mbili mbili, na yule dada wa jirani anachukua zile za usiku wa manane.